Mtu wa Watu: Kisa cha Mwalimu Aliyejitazama kwa Macho ya Wengine

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetoka katika kazi yangu ya unasihi kwenye mji mmoja wa Tanzania Bara. Mhusika ameridhia kiandikwe kwa ajili ya kufundishia, na amekisoma chote kabla hakijatoka. Jina la mji, shule, somo analofundisha na umri wake kamili vimeondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Hapa nitamwita Mwalimu. Ninakiandika kwa sababu katika miezi miwili ya mwanzo nilikosea, na kosa lenyewe ni la aina ambayo wanasihi wengi, na hata ndugu na marafiki wenye nia njema, hulifanya wanapokutana na mtu asiyeweza kusema hapana: humshauri asiwajali watu.

Usuli

Mwalimu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtumishi wa umma katika shule ya sekondari, mama wa mtoto mmoja wa kiume anayeishi naye. Hakuja kwangu kwa sababu ya fedha wala kwa sababu ya watu. Alikuja kwa sababu ya usingizi. Kila usiku aliamka saa nane na kushindwa kulala tena, asubuhi kichwa kinamuuma, na zahanati walipompima shinikizo la damu na malaria hawakuona kitu, ndipo mganga akamshauri atafute mtu wa kuzungumza naye.

Katika kikao cha kwanza nilimuuliza hufanya nini anapoamka saa hiyo ya nane. Akasema anashika simu. Nilimwomba, kama haoni vibaya, anionyeshe kitu cha kwanza anachofungua, naye akafungua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzake. Juu ilikuwepo picha ya maharusi watarajiwa, na chini yake orodha: namba, jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, na alama ya vema ya kijani mbele ya kila aliyemaliza. Jina lake lilikuwa namba 17. Alikuwa ameahidi 100,000 na kulipa 40,000, na mbele ya jina lake hapakuwa na kitu. Kidole chake kilipanda na kushuka juu ya kioo cha simu, na kila kilipofika namba 17 kilisimama. "Mama," aliniambia, "kila anayefungua hapa ananiona."

Makundi ya namna hiyo yalikuwa 14: harusi, sendofu, kicheni pati, misiba, walimu wenzake, waliosoma naye chuo, ukoo wa baba, ukoo wa mama. Kote huko alijulikana kama mtu wa watu, anayejitoa, ambaye jina lake haliwezi kukosekana. Nyumbani, ndani ya sanduku lililokuwa chini ya kitanda, kulikuwa na vitenge tisa vya sare, na vitano kati ya hivyo havijapelekwa hata kwa fundi kwa kuwa fedha ya kushonea haikupatikana kabla ya siku ya sherehe. Mtoto wake alikuwa akienda shule na viatu vilivyoachia kisigino.

Kuna jambo moja la utotoni ambalo halina budi kutajwa. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, akachukuliwa na shangazi yake. Shangazi hakuwa mkatili. Mwalimu alinisisitizia hilo mara nyingi, nami ninalisisitiza kwa niaba yake. Lakini watoto wa kuzaliwa katika nyumba ile waliweza kugoma kuosha vyombo na bado wakala, wakalala, wakaitwa wanangu. Yeye hakuwahi kujaribu kugoma ili aone kitakachotokea. Wageni walipokuja, shangazi alimwonyesha kwa fahari na kusema, "Huyu anajitambua." Hilo ndilo lilikuwa neno tamu kuliko yote aliyoambiwa utotoni.

Mambo yalivyofuatana

Alipofika kwangu, makato ya mkopo wa benki yalikuwa yamekwisha kufika kiwango ambacho mtumishi hubakiwa na theluthi moja ya mshahara wake. Baada ya benki alikopa kwenye kikoba, na baada ya kikoba akaingia mikopo ya kausha damu, ile ambayo mkopeshaji hufuata marejesho mlangoni. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwenye michango, na sehemu nyingine ililipia madeni yaliyotokana na michango.

Uamuzi wangu wa kwanza ulionekana wa busara wakati ule. Niliona deni na nikaona mtu asiyejua kukataa, nikahitimisha kwamba anachokosa ni ujasiri. Tuliandika bajeti, tukafanya mazoezi ya kusema "safari hii sitaweza", na nikamshauri apunguze makundi. Sababu yangu ilikuwa kwamba kila orodha ilimfungulia mlango wa kujilinganisha, hivyo kufunga milango kungempa nafasi ya kupumua. Alinisikiliza kwa utiifu uliopaswa kunishtua: usiku ule ule alitoka katika makundi tisa kati ya 14. Sasa ninaona kwamba hata kwangu alikuwa akifanya kile anachokifanya kwa kila mtu, yaani kutafuta alama ya vema.

Wiki ya tatu, mama mzazi wa mwalimu mwenzake alifariki siku ya Ijumaa. Taarifa ilitumwa katika moja ya makundi aliyotoka. Walimu walikodi basi dogo, wakazika Jumapili, na Jumatatu asubuhi Mwalimu aliingia ofisini akicheka, akiuliza mbona leo pamepoa. Hakuna aliyemgombeza. Mfiwa hakuwepo, na waliokuwepo waliinamisha vichwa kwenye madaftari ya kusahihisha. Mmoja ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya chini, "Madam, tulizika jana."

Siku hiyo hiyo aliomba kurudishwa katika makundi yote tisa. Kisha akakopa 200,000 kupitia programu ya simu kwa masharti ya siku saba, akatoa 150,000 kama rambirambi, kiasi ambacho hakuna mwalimu mwingine aliyekitoa. Ushauri wangu, niliokusudia umtoe kwenye madeni, ulimwingiza katika deni baya kuliko yote.

Siku saba zilipita, zikaongezeka tano. Asubuhi moja saa nne, wenye programu ile walituma ujumbe kwa watu waliokuwa kwenye simu yake, wakimtaja kwa jina kamili kuwa mdaiwa sugu na kuwataka wamwambie alipe. Watanzania wengi wanaijua fedheha hii. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuwaanika wadaiwa kwa ndugu na marafiki zao ni miongoni mwa yaliyokuwa yakilalamikiwa. Mwalimu alinipigia akiwa amejifungia stoo ya vitabu. Alikuwa na kipindi baada ya mapumziko, naye alitaka kwenda nyumbani na asirudi tena shuleni pale.

Maamuzi ya stoo ya vitabu na yaliyofuata

Tulizungumza karibu dakika ishirini. Sikumwambia kwamba watu hawajali, kwa sababu hilo lingekuwa uongo, na yeye angeujua. Nilimuuliza, kwa hesabu yake, ni walimu wangapi muda huu wameusoma ujumbe na wanamzungumzia. Alijibu bila kusita: wote, karibu arobaini. Nikamwomba aifanye hesabu hiyo kuwa jambo la kuchunguza: aingie kipindi chake, afundishe, na katika siku tatu zinazofuata awaulize watu sita aliowachagua mwenyewe, mmoja mmoja, kama waliupata ujumbe na waliufikiriaje. Nilichagua njia hii kwa kuwa jambo alilolihofia kwa miaka yote lilikuwa limekwisha kutokea, na kama angekimbia siku ile, picha aliyojichorea kichwani ndiyo ingebaki kuwa ushahidi pekee.

Alienda darasani. Aliniambia baadaye kwamba alishika chaki kwa mikono miwili ili wanafunzi wasione inavyotetemeka.

Kati ya wale sita, wawili hawakuwa wameuona ujumbe kabisa. Wa tatu alidhani ni matapeli, akaufuta. Wa nne alimvuta pembeni na kumwambia kwamba yeye mwenyewe anadaiwa na programu mbili na amebadilisha laini ili wasimpate. Wa tano alimshika mkono tu. Wa sita alicheka na kusema neno lililomuumiza, neno ambalo ameniomba nisiliandike, nalo lilisambaa. Binamu yake mmoja, kwa upande wa ukoo, aliacha kupokea simu zake.

Kuanzia hapo tulianza upya. Nilimwomba radhi kwa ushauri wa makundi, jambo lililomshangaza kiasi kwamba kwa muda alijaribu kunifariji mimi, na tukalitumia hilo kama mfano wa kwanza wa kazi yetu. Alinunua daftari, akagawa kila ukurasa katika safu mbili. Kushoto aliandika, kabla ya kutoa mchango wowote, anadhani ataonekanaje. Kulia aliandika kile alichokihisi na alichokitaka yeye. Kwa wiki nne safu ya kushoto ilijaa mistari sita, saba, huku ya kulia ikibaki na maneno kama "sijui" na "kawaida". Sikumharakisha. Mtu ambaye tangu utotoni amefunzwa kusoma nyuso za wengine hawezi kuusoma moyo wake kwa wiki moja.

Swali lililofungua safu ya kulia lilitokana na ule msiba. Nilimuuliza: ukifiwa wewe, nani atalala chini kwenye mkeka nyumbani kwako? Aliandika majina saba. Hakuna aliyemlazimisha kuwa na saba; angeweza kuandika hamsini. Wanne kati ya saba hao hawakuwa katika orodha za harusi alizokuwa akizikesha usiku.

Hapo ndipo mpango wa michango ulipotoka, naye aliupanga mwenyewe. Msiba na ugonjwa: atakwenda daima, kwa miguu yake, na kitu kidogo mkononi. Sherehe za wale saba: atachangia kwa nafasi yake. Sherehe nyingine: 20,000, taslimu, bila sare na bila ahadi, kwa sababu aligundua kwamba kilichokuwa kikimwamsha usiku ni ile ahadi inayoning'inia. Mengine ya deni tuliyashughulikia kwa njia za kawaida: alikaa na viongozi wa kikoba wakapanga marejesho, akaifuta programu baada ya kulipa, na akaacha kukopa ili kulipia deni jingine.

Matokeo baada ya miezi tisa

Kausha damu imekwisha, kikoba kimebaki kidogo, na mkopo wa benki utaendelea kumkata mshahara kwa miaka. Bado huamka usiku, lakini ni mara moja au mbili kwa wiki. Mtoto amepata viatu. Yule aliyecheka hajaacha kumdokoa, binamu hajapatana naye, na kuna harusi moja ambayo hakupewa kadi kwa sababu ya ile 20,000 yake. Siku ya harusi hiyo alilia. Nilimwambia kwamba ana haki ya kulia, kwa kuwa kuachwa kunauma kwelikweli, na sijawahi kuona faida ya kumwambia mtu aliyeachwa kwamba hakuna kilichotokea.

Uchambuzi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiona haja ya kukubalika kama udhaifu wa kutibiwa. Wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary, katika makala yao ya mwaka 1995, walitoa hoja kwamba kuwa na watu ni haja ya msingi ya binadamu, na kwamba mtu huitosheleza haja hiyo kwa mahusiano machache ya kudumu yenye kujaliana, ambayo wahusika wake hukutana mara kwa mara. Waswahili hatukungoja makala hiyo. Tunasema mtu ni watu. Lakini sehemu ya pili ya hoja yao ndiyo iliyonisaidia, ile ya uchache na kujaliana. Mwalimu alikuwa na mamia ya watu wa kumwona na hakuwa akiwatunza saba wa kumlilia. Nilipomtoa kwenye makundi bila kutazama nani yumo, nilikata vyote kwa panga moja, pamoja na taarifa ya msiba, ambao katika jamii yetu ndio mahali ambapo mtu akikosekana hasamehewi upesi.

La pili linahusu neno lenyewe, kujitambua. Katika Kiswahili cha leo neno hili lina nyuso mbili. Vitabuni tunalitumia kwa mtu anayezijua hisia zake, uwezo wake na mipaka yake. Mitaani, anayejitambua ni yule anayejua nafasi yake na kutenda linalotarajiwa kabla hajaambiwa, na kumwambia mtu hajitambui ni kumtukana. Mwalimu alilelewa kwa maana ya pili na kusifiwa kwayo. Mwaka 1975 wanasaikolojia Allan Fenigstein, Michael Scheier na Arnold Buss walitengeneza kipimo kilichotenganisha kujitazama kwa ndani, mtu anapozingatia mawazo na hisia zake, na kujitazama kama kitu kinachoonwa na wengine. Mtu anaweza kuwa mwingi wa hili la pili na mchache wa lile la kwanza. Zile safu mbili za daftari zilikuwa njia yangu ya kuyatenganisha hayo mawili katika karatasi, na utupu wa safu ya kulia ulinifundisha zaidi kuliko maelezo yake yote ya mdomo. Laiti ningelianza nazo, nisingempa mazoezi ya kusema hapana kabla hajajua anakataa nini.

Orodha ya WhatsApp inastahili kutazamwa peke yake. Mwanasosholojia Charles Horton Cooley aliandika mwaka 1902 kwamba nafsi yetu hujengwa kama katika kioo: tunawaza tunavyoonekana kwa mwingine, tunawaza anavyotuhukumu, kisha tunaona fahari au aibu. Katika maelezo hayo kioo kiko akilini, na kwa hiyo kinaweza kukosea. Orodha yenye namba na alama za kijani inakigeuza kioo hicho kuwa kitu cha nje, kinachofunguka saa yoyote ya usiku, na ambacho humwonyesha mtu upungufu wake tu. Kule kupika, kubeba maji, kukesha na mfiwa hakuna mahali pa kuwekewa alama. Wanasaikolojia Shelley Duval na Robert Wicklund walieleza mwaka 1972 kwamba mtu anapojielekezea macho mwenyewe huanza kujilinganisha na kipimo fulani, na akijiona amepungukiwa ama hujitahidi kukifikia au hutafuta kukwepa kujiona. Mwalimu alifanya yote mawili kwa zamu: alikopa ili apate alama, na alipotoka makundi tisa kwa ushauri wangu alikwepa kioo bila kukigusa kilichomo ndani yake.

Jaribio la watu sita lilifaulu, ingawa si kwa sababu lilimthibitishia kwamba hakuna aliyemwona. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walivishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki, picha ya kumwaibisha aliyeivaa, kisha wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua picha ile, na walioitambua walikuwa kama robo. Robo bado ni watu. Kwa Mwalimu, waliojua walijua, na mmoja alimdhihaki kweli. Kilichobadilika ni kwamba badala ya "wote" alipata watu sita tofauti, kila mmoja na uso wake, na mmoja wao alikuwa na deni kama lake.

Huyo mwenye deni ndiye aliyekuja kuwa na thamani kubwa kuliko mbinu zangu. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu wengi walikubali angalau mara moja jibu lisilo sahihi la kundi kuhusu urefu wa mistari, lakini alipopatikana mwenzao mmoja wa kusema lililo sahihi, kulifuata kundi kulipungua sana. Katika kikao cha kamati ya harusi iliyofuata, mwalimu yule mwenzake alisimama wa kwanza na kusema, "Mimi natoa elfu ishirini, na siku yenyewe nitakuja kupika." Mwalimu akasema, "Na mimi hiyo hiyo." Sauti yake, aliniambia, ilitoka ndogo, lakini katibu aliandika. Mimi nilikuwa nimemfanyisha mazoezi ya kukataa peke yake mbele ya kiti kitupu, jambo ambalo sasa ninaliona halikumfaa mtu mwenye historia yake.

Limebaki la shangazi. Mwezi wa nane wa kazi yetu, binti wa shangazi alifanyiwa sendofu, na Mwalimu akaombwa 500,000. Shangazi yumo katika wale saba, na kwa mpango wake mwenyewe alikuwa amepanga 100,000. Alitoa zote 500,000, akiahirisha marejesho ya kikoba kwa miezi mitatu. Mwenzangu mmoja wa kazi niliyemweleza kisa hiki aliuita uamuzi huo kurudi nyuma. Ninatofautiana naye kwa sababu ya daftari. Kabla ya kutuma fedha, safu ya kushoto aliiacha wazi kwa mara ya kwanza, na kulia aliandika mstari mmoja: "Ninatoa kwa sababu bado ninataka aniambie ninajitambua." Alituma muamala saa mbili usiku, akakaa na simu mapajani. Shangazi alijibu baada ya nusu saa: "Asante mwanangu, imefika." Mwalimu aliusoma ujumbe huo kwangu mara mbili, akasema kwamba neno alilolingoja halimo, na kwamba lile la "mwanangu" hakuwa amelitegemea.